Mafuta Yalikuwa Kwenye Jiwe

Papa Kasongo,

Nimerudi, na nimekukosa kwa siku kumi na tisa.

Nilishuka uwanja wa ndege wa Luano na begi moja la nguo na bahasha ya khaki ambayo sikuiachia mkononi safari nzima. Hata chooni niliingia nayo, kwa sababu ndani yake mlikuwa na picha nilizotaka uzione wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Mdogo wangu wa kike, anayeniita yaya kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, alikuwa amekuja kunipokea. Nilimwambia tusiende nyumbani Makomeno, twende kwanza Kipushi kwa Papa Kasongo. Akachukua begi langu bila kunitazama. Halafu akasema, "Balimuzika, yaya. Hatukukuwa na njia ya kukwambia."

Hakukuwa na njia, ni kweli. Nchi imekatika vipande viwili, simu zinashika siku zinapotaka zenyewe, na posta ya mjini sasa wanafunga mbuzi kwenye uzio wake. Lakini mimi nilikuwa na njia ya kukuambia jambo fulani ulipokuwa bado hai, nami sikuitumia. Nitafika hapo. Nivumilie kidogo. Ulizoea kuniambia, "Odette, weye unazungukaka sana, sema," na mpaka leo sijapona ugonjwa huo.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Karatasi niliyoiandika juu yako zamani ilikuwa ya Kifaransa, ukurasa mmoja na nusu, na jina langu chini pamoja na cheo changu kipya cha mkemia. Ulisoma Kifaransa cha kutosha kuelewa kwamba umeitwa mwizi, lakini hakikutosha kujibizana na mkurugenzi mezani kwake. Siwezi kukuandikia tena kwa lugha ile. Haya ni mambo yetu, na tuyaseme kama tulivyokuwa tukiyasema kando ya mabeseni.

Wiki hizi zote nimekuwa nikikukumbuka jinsi ulivyokuwa kazini, maana kwako nyumbani nilikuwa mgeni tu, lakini kule laveri, kwenye kiwanda cha kusafishia mawe ya shaba, nilikuwa mtoto wako. Kiwanda chetu kilikuwa kidogo, pale kwenye barabara ya Kipushi, na hakuna aliyekijua ila sisi na malori. Jiwe linasagwa mpaka linakuwa unga, unga unaingia kwenye beseni la maji, unatiwa mawese yaliyopikwa na magadi, na hewa inapulizwa chini. Mawese yanashika punje za kijani zenye shaba, mapovu yanazibeba juu, na jiwe la kijivu lisilo na kazi linazama. Mimi nilisomeshwa jambo hilo miaka minne na profesa aliyechora mishale ubaoni. Wewe ulinifundisha kwa asubuhi moja. Ulichota povu kwa kidole gumba, ukalisugua, ukalinusa, ukalitazama kwenye jua, ukasema, "Iko na njaa. Ongeza." Wakaongeza. Povu likawa la kijani kabla sijamaliza kuandika saa kwenye daftari.

Nilikucheka moyoni, Papa. Nisamehe. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na nne, nina blouse nyeupe ya maabara niliyoipiga pasi mwenyewe, na nilidhani kunusa si sayansi. Wafanyakazi walikuita Papa Povu, na mwanzoni nilifikiri ni jina la kukutania. Ilinichukua miezi kujua kwamba ni jina la heshima.

Na lile sanduku lako! Sanduku la viatu, limejaa vichupa vya penisilini ulivyoviomba zahanati. Kila zamu ulikausha kijiko kimoja cha unga kabla ya mafuta na kijiko kimoja baada ya mafuta, ukavitia kwenye vichupa, ukaziba kwa nta ya mshumaa, ukaandika siku kwa kalamu ya risasi. Hakuna aliyekuagiza. Hakuna aliyejua vitasaidia nini. Nilipokuuliza ulisema tu kwamba baba yako, aliyefanya kazi ya reli kule kaskazini, alikuwa akihifadhi kila msumari ulioacha mbao, na kwamba nyumbani kwenu hakuna aliyefundishwa kutupa. Nikaenda zangu nikitabasamu.

Kisha ikaja ile miaka. Nikisema "ile miaka" wewe unajua, lakini naona ajabu jinsi watu wanavyoanza kuisahau. Askari wakivunja maduka katikati ya mchana, na raia wakiingia nyuma yao kuokota kilichobaki. Treni ikikwama wiki tatu porini na mizigo yetu ndani. Majirani zangu waliozaliwa hapa hapa wakilala stesheni na magodoro yao, wakifukuzwa kwa sababu ya asili ya babu zao. Kampuni kubwa ikizama, na sisi wadogo tukining'inia kwenye kamba yake. Kila Jumatatu kitu kimoja kilikuwa kimekwisha: leo karatasi za kuchujia, kesho mikanda ya mota. Na wiki moja silikati ikaisha, ile uliyoiita maji ya vioo. Kazi yake ilikuwa kulizuia jiwe la kijivu lisinyang'anye mafuta ya jiwe la kijani. Ulimwambia msimamizi kwamba bila maji ya vioo tusiwashe. Akasema mkurugenzi ana wageni, na mabeseni lazima yafanye kazi.

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Wageni walisimama kwenye daraja la chuma na kofia mpya kichwani, na chini yao povu likapanda la kijivu. Nene, zito, la kijivu kama uji wa mtama. Hakuna kijani. Mkurugenzi aliona aibu mbele ya watu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumtwisha. Mjini kila siku tulikuwa tunasikia habari za mapipa ya mawese yanayoibiwa viwandani na kuliwa na watu, kwa sababu njaa ilikuwa kweli. Basi akasema palepale: kuna mtu amekula mafuta ya beseni. Na mwenye funguo za mafuta ulikuwa wewe.

Akaniita, akaniambia nipime.

Nitakueleza nilivyopima, ingawa ulikuwa umesimama mlangoni ukiniona. Nilichota lita moja kwenye beseni. Nikaichuja, maana chuoni walitufundisha kwamba sampuli chafu ni fedheha ya mkemia. Maji masafi nikayatikisa na petroli ya maabara ili kama kuna mafuta yahamie humo, nikaacha petroli ikauke kwenye kibakuli, nikaweka kibakuli kwenye mizani. Uzito ulikuwa uleule wa mwanzo. Hakuna mafuta. Karatasi ya kuchujia, pamoja na unga wote wa jiwe uliobaki juu yake, nilikuwa nimeshaitupa kwenye pipa.

Ukasema kutoka mlangoni, taratibu, ukinipa heshima kuliko niliyostahili, "Mademoiselle Odette, mafuta haiko mu maji. Iko ku majiwe. Pima majiwe." Nikaendelea kuandika. Ukasema tena, "Angalia povu, iko nono. Kama muntu alikula mafuta, nani ananonesha povu?"

Na mimi nililijua hilo, Papa! Povu lisilo na mafuta ni jembamba, linapasuka haraka kama sabuni mbovu. Wewe ndiye uliyenionyesha. Nililiona povu nene kwa macho yangu, na bado nikageuka nikakujibu kwa Kifaransa kwamba mimi napima kile kinachopimika. Kwa Kifaransa. Sijui nilitaka kumpendeza nani, maana mkurugenzi hakuwepo hata chumbani.

Walinzi wakaenda kupekua nyumbani kwako, wakakuta bidoni ya lita tano ya mawese chini ya meza. Kaka wa mkeo, Mama Veronika, alikuwa ameituma kutoka Kaniama wiki mbili nyuma, mtaa mzima uliiona ikishuka kwenye baiskeli. Haikusaidia. Bidoni na karatasi yangu viliwekwa mezani pamoja, na kila kimoja kikawa ushahidi wa kingine. Siku ya tatu jina lako lilibandikwa kwenye geti la laveri. Umefukuzwa kwa wizi wa mafuta. Miaka ishirini na sita ya kazi, na watu uliowafundisha wakapita chini ya ile karatasi wakiinamisha macho.

Ulikuja kuchukua kofia yako. Nilikuwa peke yangu maabara. Ukaliweka lile sanduku la viatu juu ya meza yangu, ukasema, "Usitupe. Hapa banatupaka kila kintu." Nilikaa nikingoja unilaumu, na kusema kweli ningefurahi unilaumu, lakini ulivaa kofia ukatoka.

Nimelibeba sanduku lile nyumba tatu. Laveri ilifungwa miaka miwili baadaye, mkurugenzi akaondoka na vita vya kwanza, vya pili vikatukuta tukiwa tumekwishachoka. Wewe ukalima mihogo na kutengeneza pampu za maji za watu. Mimi nikapata kazi maabara ya serikali. Kila Bonane, mwaka mpya ukiingia, nilikuja kwako na mkate na sukari, Mama Veronika akiniita mtoto wetu, na wewe ukiniuliza habari za kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nafika na nia ya kusema, Papa. Mwaka hadi mwaka. Naketi, nakula, natazama mikono yako, naondoka.

Sasa nije kwenye picha.

Mwaka huu nilichaguliwa kwenda Ulaya kwa mafunzo ya miezi minne. Kwenye begi, ndani ya soksi, nilitia vichupa viwili vya siku ile: cha kabla ya mafuta na cha baada. Kwa nini? Labda nilikuwa nimechoka kula mkate wangu mwenyewe mezani kwako. Huko nilikopelekwa wana mashine inayoitwa spektrometa ya masi. Hii niliyoikuta haipimi kilichomo ndani ya kitu. Inasoma uso wake tu, ngozi ya juu kabisa, nyembamba kiasi kwamba ukipumulia jiwe umeshaibadilisha. Inarusha chembe ndogo sana juu ya uso wa punje. Pale chembe inapogonga, molekuli zilizolala juu zinaruka, na mashine inapima uzito wa kila moja inaporuka. Halafu inasogea unywele mmoja, inagonga tena. Inasogea, inagonga. Mwisho kompyuta inakuchorea ramani: uzito huu uko hapa, uzito ule uko pale. Kila molekuli na uzito wake, kama kila mtu na sauti yake kwenye kwaya. Asidi ya mawese ina mia mbili hamsini na tano.

Nilifikiri ungeipenda mashine ile. Kisha nikafikiri kwamba ungeichungulia, ungesema inanusa tu kama wewe, ila ghali.

Fundi wake alikuwa mama mmoja wa nywele fupi, mpole lakini mwenye haraka. Alinipa mchana mmoja. Alipouliza ni utafiti gani nilimwambia ni jambo la familia, akadhani sijui lugha vizuri. Tukabandika punje za kichupa cha pili kwenye bati laini, tukafunga, tukangoja hewa itolewe ndani. Nilimwomba shaba iwe ya kijani kwenye skrini, jiwe la kijivu liwe buluu, na mia mbili hamsini na tano iwe nyekundu, rangi ya mawese.

Punje za kijani zikatokea kwanza. Tupu. Safi kabisa, zimekaa uchi. Halafu buluu. Halafu nyekundu ikaanza kuja juu ya ile buluu, punje baada ya punje, ikiifunika yote mpaka ukingoni, na ilipofika mpaka wa jiwe la kijani ikasimama. Mafuta yalikuwepo, Papa. Yalikuwa mengi. Uliyatia kama ulivyoyatia kila siku, na kwa kuwa hapakuwa na maji ya vioo, jiwe la kijivu liliyanyang'anya yote na kupanda nayo juu. Ndiyo maana povu lilikuwa nene, na ndiyo maana lilikuwa la kijivu, na ndiyo maana maji yangu masafi hayakuwa na kitu. Kila ulichosema mlangoni kilikuwa pale kwenye skrini, kwa rangi.

Nililia. Yule mama akadhani sampuli imeharibika, akanipa kitambaa cha kufutia lenzi.

Lakini yeye ni fundi wa kweli, na hakuniacha niondoke na furaha ya bure. Akaniuliza kama si mafuta ya mikono ya watu, maana hata kidole cha binadamu kina asidi hiyohiyo. Nikamwambia kidole hakichagui jiwe. Kingegusa kijani na buluu sawasawa. Akakubali kwa kichwa, lakini akasema tuone kile kichupa kingine. Tukaweka kile cha kabla ya mafuta, kilichokaushwa na mikono ileile, saa ileile, kikazibwa kwa nta ileile. Kijani ikatokea, buluu ikatokea. Nyekundu hakuna. Ndipo akasema, "Aliyehifadhi hivi vichupa alikuwa mkemia gani?" Kwenye karatasi yangu nilikuwa nimekuandika mfanyakazi wa mkono.

Sasa ndiyo sehemu niliyokuwa naizunguka.

Siku ile ulikuwa hai. Nimehesabu. Ulikuwa hai siku hamsini na nne baada ya ramani ile kutokea. Kulikuwa na padri wa Kipushi aliyekuja kule kwa mkutano na akarudi Lubumbashi wiki iliyofuata. Tulikunywa naye kahawa. Aliniuliza kama nina salamu za kupeleka. Nilikuwa na picha ndani ya mkoba, mgongoni mwa kiti changu, na nikasema, "Wasalimie tu wote." Nilijiambia jambo hili ni la kusemwa kwa mdomo, uso kwa uso, ndiyo heshima. Uongo. Niliona haya. Ningekutumia picha peke yake ungejua kwamba nimejificha mbali ili nisikuone ukinitazama, na ningetuma picha pamoja na maneno, padri angeyasoma maneno. Nikachagua kungoja. Wakati huo shinikizo la damu lilikuwa limeshaanza kukuangusha, na dawa hazikuwa zikipita mpaka.

Ungekufa tu, najua. Karatasi haishushi damu. Lakini ungekufa ukijua, na hilo nimekunyima kwa mara ya pili.

Kesho yake nilikwenda Kipushi. Mama Veronika alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisa, na kitambaa cheusi kichwani. Alinikumbatia, akalia begani kwangu, akawaambia, "Ni mutoto ya mubwana wangu ya kazi, anatoka Ulaya juu ya kilio." Nikaomba tuingie ndani. Nikatoa picha. Nikamweleza polepole, jiwe la kijani, jiwe la kijivu, nyekundu. Halafu nikasema kwamba ile karatasi ya zamani, iliyosema hakuna mafuta, niliiandika mimi.

Hakuwa anajua. Papa, hukumwambia! Miaka minane alidhani ni mkurugenzi.

"Weye?" akasema. "Weye mwenye unakulaka ku meza yangu kila Bonane?"

Nikasema ndiyo, Mama.

"Na yeye alijua?"

"Alijua, Mama."

Nilisikia wanawake nje wakianza wimbo na kuuacha. Nadhani wakati ule alikuwa na hasira na sisi wawili, mimi kwa kuandika na wewe kwa kunificha, na hasira juu ya marehemu haina pa kwenda. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. "Miaka munane sikutia mawese mu nyungu. Sombe yangu ninapikaka na karanga tu, juu jirani akisikia arufu, atasema ile ni ya laveri. Batoto balikuwa banalia. Yeye alikuwa anakula, anasema iko tamu."

Nilikuwa nimekula sombe ile, majani yale ya mihogo, na niliwahi kusifu karanga zake.

Akachukua picha, akaenda nayo dirishani. Akauliza, "Ile nyekundu njo mafuta yenyewe?" Nikasema ndiyo. "Yote iko ku jiwe?" Yote, Mama. Akapitisha kidole juu yake, akifuata ukingo wa rangi, kama mtu anayesoma jina. Nikaanza kupiga magoti, akanikataza. "Hapana kunipigia magoti. Siku ya kumaliza kilio bantu ba laveri bote batakuya. Weye utasimama. Utasema na Kiswahili, hata bale balinzi basikie."

Halafu akamwita binti yenu mkubwa, akamtuma sokoni kwa yule mama wa Butembo anayeuza mawese kwa jumla, alete chupa, na aibebe mkononi, asiifiche. Walipika nje, mbele ya watu wote. Sikukaribishwa. Sikutegemea kukaribishwa. Nilitembea mpaka barabarani, na harufu ya mawese moto ilikuwa imeshafika kwa majirani wa nyumba ya nne, maana mzee mmoja alisimama getini akinusa na kutazama kwenu.

Leo ni Ijumaa. Kesho kutwa ni siku arobaini, siku ya kumaliza kilio. Tangu nilipotoka kwenu nimekuwa nikiandika karatasi mpya, nikifuta, nikiandika. Nimemwonyesha mkuu wangu wa kazi, kwa kuwa sitaki aisikie barabarani. Aliisoma mara mbili. Akaniambia kwa upole kwamba maabara yetu ndiyo inayoandika vyeti vya maji na vya unga vya mji huu mzima, na wakati huu ambapo hakuna kinachoaminika, mkemia anayesimama hadharani kusema alikosea mpaka mtu akapoteza jina lake, nani atakubali sahihi yake tena? Akasema pia umeshakufa. Hakuwa mtu mbaya kusema hivyo. Nilitoka ofisini kwake, na usiniulize kama sikufikiria kurudisha bahasha kwenye begi. Nilifikiria. Nina watoto wawili, na mume wangu hajaitwa kazini tangu treni zisimame.

Lakini nimewaza walinzi wale. Wawili wako hai, mmoja anauza makaa karibu na kanisa. Wanaamini mpaka leo kwamba walimkamata mwizi. Nikikaa kimya Jumapili watakuja, watakula, watasema maneno mazuri juu yako kama watu wanavyosema, na ndani yao watakuwa wanakusamehe wizi. Siwezi kuvumilia wakusamehe, Papa. Hilo limenishinda kuliko hofu ya kazi.

Ulinifundisha kuchota, kusugua, kunusa na kutazama kwenye jua, na mimi nikaenda kutazama maji. Nakushukuru kwa yote uliyonifundisha, na kwa kuniacha nikae mezani kwako nikiwa sistahili. Sikuombi unijibu kama umenisamehe. Ulikuwa umenisamehe siku ulipoliacha sanduku mezani kwangu, na nadhani ndiyo sababu sikuweza kukuangalia usoni.

Pumzika, Papa Kasongo. Pumzika na baba yako na wenu wote wa kaskazini. Nakuahidi hili moja: Jumapili nitasimama mbele ya watu wa laveri nikiwa na picha zile mbili mkononi, nitataja jina lako kwanza, kisha langu, na niliyotenda. Sauti ikinikatika nitaanza upya, mara ngapi sijui, mpaka mtu wa mwisho kule nyuma asikie kwamba wewe uliweka mafuta.

Mtoto wako wa kazi,

Odette